Filamu za vijana waliopotea njia na michezo ya jukwaani: mwongozo kwa makanisa yetu



Filamu imekwisha kuingia katika makanisa yetu. Kijana anaitazama katika simu, watoto wanaitazama katika kibanda cha video karibu na soko, na mara nyingine sisi wenyewe tunaionyesha kwenye ukuta wa kanisa wakati wa juma la uinjilisti. Baadaye kikundi cha vijana kinaomba ruhusa ya kuigiza kile walichokiona. Hapo wazee wa kanisa hugawanyika. Wengine husema ni mambo ya dunia, wafunge mlango. Wengine husema ni watoto tu, waachwe wacheze.

Makala hii inaeleza aina moja ya filamu hizo: zile zinazosimulia habari za vijana wakorofi, waliotupwa au waliopotea njia. Nyingi kati yake zimegeuzwa kuwa michezo ya jukwaani yenye nyimbo, yaani tamthilia ambamo wahusika husema na kuimba. Nimechagua zile ambazo zina faida kwa kanisa, na ninataka kuonyesha jambo moja. Tunazitazama tukidhani zinamwonya kijana, lakini karibu zote zinamwuliza mtu mzima: mzazi, mwalimu, mchungaji. Na hadithi inapopanda jukwaani, swali hilo husikika zaidi.

Zilikotoka

Mwaka 1955 zilitoka Marekani filamu mbili zilizofungua njia. Ya kwanza ni *Blackboard Jungle* ya Richard Brooks, juu ya mwalimu mgeni katika shule ya mjini yenye wanafunzi wakali. Sidney Poitier aliigiza mmoja wa wanafunzi hao. Ya pili ni *Rebel Without a Cause* ya Nicholas Ray. Ndani yake James Dean ni kijana Jim, ambaye nyumbani kwao hawakosi chakula wala gari. Anachokosa ni baba wa kumjibu. Anamwomba baba yake neno moja la msimamo, na baba anashindwa kulitoa.

Mwaka 1957 jukwaa la New York lilipata *West Side Story*, yenye muziki wa Leonard Bernstein. Ilichukua hadithi ya Romeo na Juliet ya Shakespeare na kuiweka kati ya makundi mawili ya vijana wa mtaani, mmoja wa wazaliwa weupe na mwingine wa watu wa Puerto Rico. Filamu yake ya mwaka 1961 ilipata Oscar 10, na Steven Spielberg aliitengeneza upya mwaka 2021.

Kanisa nalo lilikuwa na filamu yake. Mwaka 1958 David Wilkerson, mchungaji wa kijijini Pennsylvania, aliona katika gazeti mchoro wa vijana walioshitakiwa kwa mauaji New York. Akaenda. Alipojaribu kusema na hakimu mahakamani, walinzi walimtoa nje, na picha yake akiwa na Biblia mkononi ikatokea katika magazeti. Vijana wa mtaani waliiona picha hiyo, wakamhesabu kuwa mmoja wao kwa sababu naye alifukuzwa na polisi. Kitabu chake cha mwaka 1963 kinajulikana kwetu kwa jina la Kifaransa, *La Croix et le Poignard*. Filamu ilitoka mwaka 1970, Pat Boone akiigiza mchungaji na Erik Estrada akiigiza Nicky Cruz, kiongozi wa kundi aliyeokoka. Kazi ya Teen Challenge, inayosaidia vijana waliotekwa na madawa ya kulevya, ilitokana na safari hiyo.

Les Choristes: kwaya ya watoto waliokataliwa

Kwa sisi tunaosoma Kifaransa na kupenda kwaya, pa kuanzia ni *Les Choristes* ya Christophe Barratier, iliyotoka Ufaransa mwaka 2004. Ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 8 katika nchi hiyo. Hadithi yenyewe ilitoka katika filamu ya zamani, *La Cage aux rossignols* ya mwaka 1945.

Tuko mwaka 1949. Clément Mathieu, mwanamuziki aliyeshindwa maishani, anapata kazi ya kulinda wavulana katika shule ya bweni ya watoto wasumbufu. Mkuu wa shule, Rachin, ana kanuni moja: ukitenda kosa, unapigwa papo hapo. Mathieu anaanzisha kwaya. Kila mtoto anapewa nafasi kwa kadiri ya sauti yake, na yule asiyeweza kuimba kabisa anapewa kazi ya kushika karatasi za nyimbo. Pierre Morhange, mtoto mkorofi kuliko wote, anagunduliwa kuwa na sauti ya ajabu.

Wengi wanaikumbuka filamu hii kama hadithi tamu: muziki uliwabadilisha watoto. Tusisahau habari ya Mondain. Huyu ni kijana mkubwa aliyeletwa kutoka nyumba ya marekebisho, mwenye sauti nzito ambayo kwaya ilihitaji. Fedha zinapotea, Mondain anashitakiwa, anapigwa sana na kufukuzwa. Baadaye inajulikana kwamba hakuziiba. Mwizi alikuwa mtoto mwingine. Lakini Mondain amekwisha kuondoka, na anarudi kuichoma shule moto. Watoto wanapona kwa sababu Mathieu alikuwa amevunja sheria na kuwapeleka matembezi msituni. Kwa wema huo anaachishwa kazi.

Mwaka 2017 Barratier mwenyewe aliigeuza kuwa tamthilia ya nyimbo katika ukumbi wa Folies Bergère, Paris. Katika filamu, watoto wengi walionekana wakiimba huku sauti zikitoka kwa kwaya ya watoto wa Lyon. Jukwaani mtoto anayeonekana lazima aimbe kweli, usiku baada ya usiku. Kiongozi yeyote wa kwaya anaijua tofauti hiyo.

Footloose: mchungaji aliyekataza dansi

Filamu ya pili inatugusa wachungaji moja kwa moja. *Footloose* ya mwaka 1984, iliyoongozwa na Herbert Ross na kuandikwa na Dean Pitchford, ilipata wazo lake katika mji mdogo wa Elmore City, Oklahoma. Huko dansi ilikatazwa kwa sheria tangu mwisho wa karne ya 19, hadi wanafunzi walipopata ruhusa ya sherehe yao mwaka 1980.

Katika filamu, kijana Ren anahama kutoka Chicago kwenda Bomont, mji wa kubuniwa. Mchungaji Shaw Moore ndiye mwenye sauti katika mji huo. Mwana wake alikufa katika ajali ya gari usiku, baada ya vijana kutoka kwenye dansi. Tangu siku hiyo dansi ni marufuku. Wakati huohuo binti yake Ariel anahatarisha maisha yake kwa siri, na baba hajui.

Ren anasimama mbele ya baraza la mji akiwa na Biblia ambayo Ariel alimwekea alama. Anataja Zaburi ya 149, Daudi akicheza mbele za Bwana katika 2 Samweli 6, na Mhubiri 3 juu ya majira ya kila jambo. Baraza linamkataa hata hivyo. Mchungaji anaanza kubadilika siku anapowakuta waumini wake wakichoma vitabu vya maktaba. Anaona kwamba moto aliouwasha yeye umevuka pale alipotaka uishie.

Tamthilia yake ilianza Broadway tarehe 22 Oktoba 1998 na kuonyeshwa mara 709. Hapa mabadiliko ni makubwa. Katika filamu wahusika hawaimbi. Nyimbo zinatoka nje, kama redio. Jukwaani wanaimba wenyewe, na mchungaji Shaw ana nyimbo zake. Tunamsikia akimlilia Mungu peke yake, mtu aliyesimama mimbarani kila Jumapili na ambaye hajapata mahali pa kuomboleza. Mke wake, ambaye katika filamu anasema machache, naye anaimba: wimbo juu ya wanawake waliojifunza kunyamaza, na mwingine wa kumsihi mumewe ailegeze mikono yake juu ya binti yao. Na kinachomgeuza mchungaji jukwaani ni mazungumzo na Ren, kijana aliyeachwa na baba yake. Watu wawili waliofiwa na kuachwa wanatambuana.

Ninajua kwamba baadhi ya jumuiya zetu zinabishana juu ya dansi ya kwaya. Tamthilia hii haitatumalizia ubishi huo. Lakini inatufundisha kuuliza, kabla ya kuweka sheria juu ya vijana: je, hii ni sheria ya Mungu, au ni maumivu yetu yaliyovaa nguo ya sheria? Mashariki mwa Kongo nani hajazika mtoto, ndugu au jirani? Hofu yetu ina sababu. Hata hivyo hofu ikikaa mahali pa mchungaji, kundi litatawanyika.

The Outsiders: kanisa lililoachwa

S. E. Hinton alianza kuandika *The Outsiders* akiwa msichana wa miaka 15 huko Tulsa, Oklahoma, na kitabu kikatoka mwaka 1967. Kinahusu makundi mawili: vijana maskini wa upande mmoja wa mji na watoto wa matajiri wa upande mwingine. Filamu ya Francis Ford Coppola ilitoka mwaka 1983, baada ya mtunza maktaba na wanafunzi wa shule moja ya California kumwandikia barua wakimwomba aitengeneze. Tamthilia ilifika Broadway mwaka 2024 na mwaka huohuo ikapata Tony, tuzo kubwa ya jukwaa la Marekani, ya tamthilia bora ya nyimbo.

Ponyboy, kijana wa miaka 14, amefiwa na wazazi wote wawili na analelewa na kaka zake. Usiku mmoja rafiki yake Johnny, ambaye hupigwa nyumbani kwao, anamwua kijana wa kundi jingine ili kumwokoa Ponyboy. Wanakimbia na kujificha katika kanisa kuukuu lililoachwa mlimani. Baadaye kanisa linashika moto watoto wakiwa ndani. Hao wawili, ambao polisi wanawatafuta, wanaingia na kuwatoa. Johnny anaumia na kufa hospitalini.

Mchungaji hawezi kulipita jengo hilo bila kusimama. Vijana walikuja kanisani wakitafuta pa kujificha, na humo hamkuwa na mtu: hakuna mzee wa kanisa, hakuna mama wa kuwapa chakula. Tuna majengo mengi yenye mabati mazuri ambayo siku sita za juma yamefungwa kwa kufuli, na kijana aliyetoroka nyumbani au msituni hana wa kumbishia hodi.

Sarafina!: kutoka jukwaani hadi filamu

*Sarafina!* ilikwenda njia ya kinyume. Mbongeni Ngema aliitunga kwa ajili ya jukwaa, pamoja na muziki aliosaidiwa na Hugh Masekela. Ilianza katika Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987, kisha ikafika Broadway mwaka 1988. Filamu ya Darrell James Roodt ilitoka mwaka 1992, ikiwa na Leleti Khumalo, Whoopi Goldberg na Miriam Makeba. Msingi wake ni maasi ya wanafunzi wa Soweto yaliyoanza tarehe 16 Juni 1976, walipokataa kufundishwa kwa Kiafrikaans.

Watu wanapenda nyimbo zake, hata Sala ya Bwana inayoimbwa na wanafunzi. Lakini ndani ya filamu kuna mateso ya gerezani, na kuna tendo la wanafunzi kumchoma moto askari. Hadithi haiwafichi. Vijana walioonewa kweli nao wanaweza kuua, na Sarafina anabeba uzito wa jambo hilo. Mwalimu wake, Mary, aliwafundisha historia ya kweli lakini mwenyewe aliogopa kushika bunduki ya kuua. Yeye anafia mikononi mwa polisi. Kwa vijana wetu wanaoambiwa kila siku kwamba silaha ndiyo njia ya kuitetea jamaa, mazungumzo ya Sarafina na mwalimu wake yanafaa kuliko mahubiri mengi.

Na sisi Kongo

Kongo nayo imeonyeshwa. *Rebelle* ya Kim Nguyen, iliyopigwa Kinshasa, inasimulia habari ya msichana wa miaka 12 aliyetekwa na waasi na kulazimishwa kuwaua wazazi wake. Rachel Mwanza, aliyeigiza msichana huyo, alikuwa ameishi barabarani Kinshasa. Mwaka 2012 alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Berlin.

Mwaka huohuo ilitoka *Kinshasa Kids* ya Marc-Henri Wajnberg. Inaanza kwa ibada ya kuwatoa pepo watoto walioshitakiwa uchawi. Watoto hao wanafukuzwa, wanaishi barabarani, kisha wanaunda kikundi cha muziki. Hapa hatuwezi kusema kwamba ni mambo ya Ulaya. Kule Kinshasa wanaitwa shege, kwetu Goma na Bukavu tunawaita maibobo, na wengi wao walipitia kwanza mikononi mwa mtu aliyejiita mtumishi wa Mungu. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaadhibu anayemshitaki mtoto kuwa mchawi. Kanisa lilipaswa kutangulia sheria hiyo.

Jukwaa linaongeza nini

Filamu inaweza kukaribia uso wa mtu hadi tuone chozi. Jukwaa haliwezi. Badala yake lina mambo mawili.

Kwanza, linampa kila mtu sauti. Katika wimbo, mhusika husema asichoweza kusema mbele ya wengine. Ndiyo maana mchungaji wa *Footloose* anaeleweka zaidi jukwaani kuliko kwenye filamu.

Pili, linahitaji watu. Filamu unaitazama ukiwa umekaa, hata ukiwa peke yako. Mchezo unataka waigizaji, waimbaji, wa kushona nguo, wa kubeba viti, wa kukumbusha maneno. Mazoezi ya miezi miwili yanamfanya kijana asubiriwe mahali fulani kila Jumamosi. Kwa kijana ambaye hasubiriwi popote, hiyo ni huduma tayari, hata kabla ya siku ya maonyesho.

Namna ya kuzitumia kanisani

1. *Viongozi watazame kwanza.* *Les Choristes* inaweza kuonyeshwa kwa jamaa nzima ikiwa mmejiandaa kueleza vipigo na maneno machafu machache. *Footloose* na *The Outsiders* zina ulevi na ugomvi. Ni kwa vijana wakubwa. *Sarafina!* na *Rebelle* msiwaonyeshe watoto. Kwa waliopitia vita, hata watu wazima, mwambieni kila mmoja mapema yaliyomo, na mwacheni huru kutoka nje.

2. *Msimpe mtoto aigize jeraha lake mwenyewe.* Kijana aliyetoka katika kikundi chenye silaha asipewe bunduki ya mti ili watu wapige makofi. Msichana aliyetendewa vibaya asilazimishwe kusimulia jukwaani. Ushuhuda ni mali ya mwenyewe. Atautoa siku yake, kwa mtu aliyemchagua.

3. *Geuzeni nafasi.* Shemasi aigize kijana aliyefukuzwa, na kijana aigize mzee wa kanisa. Mtasikia namna wanavyotusikia sisi. Kicheko kitakuja kwanza, na baada ya kicheko ukimya.

4. *Heshimuni haki za watunzi.* Kuigiza hadharani tamthilia ya mtu na kuimba nyimbo zake kunahitaji ruhusa. Ni bora mtunge yenu, kwa Kiswahili chetu na nyimbo zetu. Luka 15, Yusufu na kaka zake, Onesimo kwa Filemoni: hadithi hazitakosekana.

5. *Msimalize bila mazungumzo.* Maswali matatu yanatosha. Nani alimwona kijana huyu kabla hajaharibika? Nani alinyamaza? Kama angekuja kwetu Jumapili hii, angeketi wapi?

Kwa wazee wanaohofu kwamba filamu na michezo vitaingiza dunia kanisani, nasema hofu hiyo tuisikilize. Si kila filamu inafaa, na kijana anaweza kupenda makofi kuliko Neno. Lakini mlango tukiufunga, hawataacha kutazama. Watatazama bila sisi, na hakuna atakayewauliza maswali hayo matatu.

Yesu naye alisimulia habari ya kijana aliyepotea, mbele ya watu wazima waliokuwa wakinung'unika. Tunapenda kuishia pale mdogo anaporudi, ndama anachinjwa na ngoma inalia. Lakini Yesu anaendelea hadi nje ya nyumba, ambako kaka mkubwa, mwenye bidii na asiye na kosa, amesimama akikataa kuingia, na baba anamsihi. Hatuambiwi kama aliingia. Jibu hilo tumeachiwa sisi tuliobaki nyumbani.

Bwana awabariki, nanyi muwabariki vijana wenu.